Fundi wa Vioo Viwili

Ukimpelekea picha, hakutazama uso. Aliigeuza kwanza. Aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika samaki wa miiba, akaipindua na kutafuta maandishi mgongoni. Mgongo ukiwa mtupu, aliirudisha juu ya meza na kusema, "Hii iko karatasi. Mwenyewe aandike, njo nitaitilia kioo." Watu walikasirika sana. Wengine walikuwa wametoka Mangobo kwa miguu, wengine wamevuka mto toka Lubunga, na picha wameifunga kwenye kitambaa kisafi. Lakini walikwenda, wakaandikiwa, wakarudi. Kule mjini kulikuwa na mafundi wengine wa kutia picha kioo, nao walifanya kazi ya wazungu.

Sisi tulikaa Kabondo, ukuta kwa ukuta na nyumba yake. Nilifika pale bibi harusi, mke wa marehemu Anakleti, na shule yangu ilikuwa miaka mitatu tu kwa masista. Mambo mengi yamenitoka kichwani, ila majina hayajanitoka. Waliokaa njia ile nawajua wote: Papa Bosenge mshonaji, Mama Zaina wa mikate, Tonton Lokwa aliyefanya kazi kwenye masuwa, zile meli za kwenda Leopoldville. Lakini jina la fundi siliandiki. Yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba jina la mtu ni la mkono wake. Mwingine akiliandika, hiyo ni habari tu. Basi abaki Fundi, kama tulivyomwita.

Nakumbuka mambo yake mengi, na mengine ni ya kuchekesha. Lakini nikimkumbuka namkumbuka kwanza akitafuta. Miaka yake ya mwisho pale Kabondo alitafuta uso mmoja tu, amrudishie mke wake, na Kisangani nzima ilijua anatafuta nini.

Kazi yake haikufanana na ya wengine. Mafundi wengine waliweka kioo mbele na ubao nyuma. Yeye aliweka vioo viwili, mbele na nyuma, picha katikati, akazungusha karatasi nyeusi ya gundi pembeni, akafunga na kamba ili picha ining'inie mlangoni au dirishani, isigande ukutani. Hivyo mgeni aliweza kuipindua asome. Miaka ile ya hamsini na kitu, kupeana picha ilikuwa jambo kubwa kwetu. Kijana anakwenda kufanya kazi Basoko, msichana anaolewa mbali, wanakwenda kwa mpiga picha, shati la kuazima, kiatu cha kuazima, na nyuma wanaandika maneno na kutia sahihi. Mgeni akiingia kwako anasalimu, anakaa, anapindua picha zako aone unapendwa na nani. Nyumba isiyokuwa na picha ya kupindua, watu waliihurumia.

"Uso kila mutu anauona barabarani, bure," Fundi alikuwa akisema. "Mimi natia kioo maneno. Uso unapata bahati ya kukaa karibu."

Papa Bosenge siku moja alileta picha ya mwimbaji mmoja aliyekuwa amepita na masuwa, kijana wa gitaa ambaye wasichana wote walimlilia. Nyuma kulikuwa na maneno marefu ya urafiki na sahihi kubwa yenye mkia. Nilikuwa uani naanika nguo, nikasikia yote.

"Papa Bosenge, huyu amekuandikia lini?"

"Siku ile masuwa ilifika, Fundi. Mbele ya watu wote."

"Na alikuwa anajua kushona?"

"Kushona nini tena?"

"Maana mwandiko huu naujua. Niko nauona kila mara kwenye vikaratasi vya nguo ninazoleta kwako."

Mama Zaina alicheka mpaka akaweka sinia chini. Papa Bosenge hakuona haya. "Bon," akasema, "tia kioo tu, Fundi. Bibi yangu hajue kusoma."

"Mimi najua."

Na hakuitia. Picha ile ilikaa kwake muda mrefu, Bosenge akipita anamwita Padri, yeye akimwita Mwimbaji.

Alikuwa na ukali huo wa sahihi, lakini yeye mwenyewe hakukubali kupigwa picha. Hata moja. Alishika nyuso za watu wa mji mzima, uso wake hakumwachia mtu. Mke wake, Mama Asumini, alimgombeza kwa hilo. "Ukikufa nitaonyesha watu nini? Nyundo?" Mama Asumini alikuwa wa Ubundu, mtoto wa wale Waislamu wa zamani wa kule, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuvuka ua. Fundi alikuwa Mkristo. Nyumba ile ilifunga Ramadhani na kula Noeli, na ugomvi wao haukuwa wa dini. Ulikuwa wa picha na kitabu.

Fundi alishika neno kwamba kitabu chenye sahihi ya aliyekitunga kinapita picha yoyote yenye sahihi. Alilisema kwa kila mteja, hata aliyekuja na haraka. "Picha anaifanya mutu mwingine, mwenye mashine. Mwenye sura amekaa tu, anapumua. Lakini kitabu mutu anakitoa ndani ya kichwa chake, halafu anatia mkono. Hiyo njo mali."

Mama Asumini alikuwa akitwanga pondu, majani ya muhogo, na kinu hakikusimama. "Bwana wa vitabu! Kitabu chako iko wapi, tukione?"

Na kweli hakuwa nacho. Nyumba nzima ilikuwa na katekisimu moja iliyopotelewa na jalada. Fundi alisoma Kiswahili polepole, kidole chini ya neno. Kifaransa hakukijua. Lakini ukimpa kitabu, hata cha shule cha mtoto, alifungua ukurasa wa kwanza, akapitisha kiganja juu yake kama anafuta vumbi, kuona kama kuna wino.

Mtoto wao alikuwa mmoja, Ferdinand. Mapadri walimsomesha, akashuka mto mpaka Leo, ndiyo Leopoldville, kufanya kazi ya kuchapa vitabu, na kule akatunga chake mwenyewe. Kitabu kidogo, hadithi za mtoni, kwa Kifaransa. Tonton Lokwa ndiye alikileta, pamoja na picha, vyote vimefungwa ndani ya shati. Kitabu kilikuwa cha baba. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika kwa Kiswahili, ili asomewe na macho yake mwenyewe: *Kwa papa yangu, mwenye mikono. Mwanao Ferdinand.* Picha ilikuwa ya mama. Ferdinand amevaa koti, kichwa kimeinama kidogo, karibu acheke. Nyuma: *Kwa mama yangu. Usilie, ninarudi. Ferdinand.*

Fundi alikaa mlangoni na kitabu magotini, hakufanya kazi siku ile. Mama Asumini alizunguka njia nzima na picha. Aliingia kwangu, akaniwekea mkononi. "Nisomee, bibi ya Anakleti, wewe uliyekaa kwa masista." Nikasoma. Akasema nisome tena. Akaenda kwa Mama Zaina, naye hajui kusoma, basi akamsomea yeye, kwa kichwa.

Ikawa vita ya kila jioni, na sisi majirani ndio mahakimu. Nani amepewa kikubwa? Fundi alisema yeye, maana mtoto wake yumo ndani ya kitabu mzima, na mawazo yake yote. Mama Asumini alisema, "Kitabu anaweza kuandikia watu wengi. Neno la kuniambia nisilie, ameandikia nani mwingine?"

Kisha akaja mzungu mmoja wa Makiso. Kazi yake mjini siijui, ila alikuwa na tabia ya kukusanya vitabu vilivyotiwa sahihi na watunzi, na alikuwa amesikia habari za kitabu cha Ferdinand. Alikifungua polepole, akasoma sahihi, akauliza Fundi anataka nini. Alikuwa tayari kumpa gramofoni na sahani zake. Gramofoni! Kabondo yote ilikuwa ukutani kusikiliza. Mama Asumini akaleta picha yake, akamwekea mbele. Mzungu akatabasamu, akamwambia kwa Kiswahili chake kwamba picha ya kijana asiyejulikana haina bei. Kijana akiwa mkubwa, akijulikana mpaka Ulaya, basi picha itapanda, hata inaweza kupita kitabu. Kwa sasa ni ya mama tu.

Fundi alikataa gramofoni, lakini alitembea siku zile kama mtu aliyeichukua. "Umesikia, Mama Asumini? Gramofoni na sahani zake!"

"Nimesikia. Hiyo gramofoni itaniita mama?"

Tulicheka. Sikujua kwamba nitakuwa nakumbuka kicheko kile na kuuma mdomo.

Habari ililetwa na Lokwa huyohuyo. Alipanda njia yetu bila mzigo, kofia mkononi, na Mama Asumini alimwona kabla hajafika akaanza kulia palepale kwenye kinu. Ferdinand alishikwa na kifua kule Leo. Walimzika kulekule, na masuwa ya kuleta habari ilikuwa bado iko njiani.

Matanga bila mwili ni kitu kibaya. Watu wamekaa, wanalia, lakini macho hayana pa kwenda. Kwetu wakati kama huo huwekwa picha ya marehemu juu ya mkeka, watu wapite, wamwambie kwaheri. Picha ilikuwa moja, na Mama Asumini alikuwa ameishika kifuani ndani ya nguo.

Fundi alimwendea. Nilikuwa nimemshika mama yule begani, nilisikia kwa masikio yangu.

"Nipe. Nitamuweka vizuri."

"Utanirudishia?"

"Nitakurudishia."

Akampa.

Nimefikiri miaka mingi juu ya alichofanya, na sioni ubaya ndani yake. Aliona mtoto amebaki vipande viwili, uso kwa mama, mkono kwa baba, na wao wawili walikuwa wamemgombania. Akataka amkusanye. Akachukua kisu chake cha kadi, akakata ule ukurasa wa kwanza wa kitabu, akaupaka uji wa muhogo, akaubandika mgongoni mwa picha, ili watu wapindue wasome. Picha ilikuwa ndogo, kama kiganja. Ukurasa uliufunika mgongo wote. Ulifunika hata maneno ya mama.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo yeye kuliko mtu yeyote alilijua. Kila siku aliweka vipande vyembamba vya kadi pembeni, kati ya kioo na picha, uso usiguse kioo. Na kila siku alianika gundi mpaka ikauke kabisa, mteja apige kelele asipige. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha, watu wamejaa uani, na wanawake wanamwita Ferdinand kwa jina. Hakuweka kadi. Hakungoja. Alibana vioo viwili juu ya karatasi mbichi, akafunga pembeni.

Watu walipita, wakamlilia, wakasema ametengenezwa vizuri sana.

Matanga yalipokuwa yanakwisha, uso ulikuwa unatoka jasho. Maji yalikuwa ndani, hayana pa kutokea. Shavu moja na jicho vilikuwa vimeshikamana na kioo. Nyuma wino ulikuwa umetembea; neno *papa* bado lilisomeka, lakini jina la Ferdinand lilikuwa doa la buluu. Fundi alijaribu kuinua pembe kwa wembe, uso ukaanza kubaki kwenye kioo, akaacha. Akarudisha kioo mahali pake kama anayefunika mtu usingizini.

Mama Asumini hakupiga kelele, na hilo ndilo lilitutisha. Aliipindua, akatafuta.

"Maneno yangu iko wapi?"

"Iko chini."

"Chini ya nini?"

Fundi akaufuta wembe kwenye shati.

"Chini ya yako," akasema Mama Asumini. "Umefunika yangu na yako."

Mama Zaina alivuta khanga usoni. Baada ya hapo Mama Asumini alirudi kwao Ubundu kwa gari la moshi, na hakuchukua kitu ndani ya nyumba ile, hata kinu.

Yule mzungu wa Makiso alirudi. Alikuwa amesikia kifo, na nadhani kitabu kilikuwa kimepanda bei kichwani mwake. Alifungua, akaona mahali ulipokatwa ukurasa, akapitisha kidole pale kwenye kisiki cha karatasi. Akafunga. "Pole," alisema, na ile pole ilikuwa ya kweli. "Lakini bila mkono wake ni kitabu kama vingine." Fundi akakipokea kitabu. Tangu siku ile sikumsikia tena akisema habari ya kitabu kupita picha, wala picha kupita kitabu.

Alianza kutafuta. Kwanza alimtuma Lokwa kwa mpiga picha wa kule Leo, kama anaweza kutoa picha nyingine ileile. Mwenye mashine alikuwa amehamia ng'ambo, Brazza, na vitu vyake vyote. Basi akaanza kwenda bandarini. Masuwa ikifika, yuko pale, anauliza wanaoshuka: nani alifanya kazi na Ferdinand, nani alipewa picha yake? Vijana walimcheka. Papa Bosenge, yule wa sahihi ya uongo, alifunga cherehani yake akaenda kusimama naye. "Wewe uliza upande huu," alimwambia, "mi niulize ule. Ukibaki peke yako watasema uko mwehu. Tukiwa wawili watasema tuko serikali."

Na picha ilipatikana kwa njia hiyo ya bandarini. Mwanamke mmoja wa Barumbu, mtaa wa kule Leo, alisema kwao kuna msichana, Rejina, anayelala na picha ya kijana wa kuchapa vitabu. Fundi alipanda masuwa siku iliyofuata. Yaliyotokea kule alinisimulia mwenyewe. Rejina alimwonyesha picha lakini hakuitoa mkononi. Fundi akamwambia yote, hata wembe. Rejina alilia, kisha akasema, "Papa, siwezi kukupa. Nakuazima. Mama amuone." Fundi akatoa kile kitabu kilichokatwa, akakiweka kama rehani. Rejina anajua Kifaransa. Alikifungua palepale akaanza kusoma, na Fundi alikaa kusikiliza lugha asiyoijua, kwa sababu, alisema, ilikuwa mara ya kwanza mtu kumsomea kitabu kile.

Mimi nilimkuta aliporudi toka kule, kwenye stesheni ya ng'ambo, Lubunga. Nilikuwa naenda Ubundu kwa dada yangu Monika. Alikuwa amekaa kwenye benchi na kitu kimefungwa taulo, amekonda, shati limepigwa pasi. Tulisafiri pamoja. Njiani aliniuliza mara nyingi kama kofia yake imekaa sawa.

Mama Asumini alikuwa anauza samaki wa kukaushwa, karibu na mahali mashua zinapofunga. Alituona, hakusimama.

"Umekonda," alisema.

"Niko."

Fundi akafungua taulo, picha imo kati ya vioo viwili, safari hii na kadi zake. Mama Asumini alifuta mikono kwenye nguo, akafuta tena, akapokea. Ferdinand alikuwa mwingine pale, kijana zaidi, bila koti, anaangalia moja kwa moja. Mteja aliuliza samaki bei gani, akauliza tena, akaondoka. Mama Asumini aliweka kidole juu ya kioo, kwenye nyusi. "Hapa walimnyoa vibaya," akasema, na akacheka, kicheko kile cha zamani cha kuvuka ua, kikakatika katikati.

Kisha akaipindua.

"Inasema nini?"

Mimi nilimwangalia Fundi. Angeweza kusoma lolote. Mke wake hajui herufi, na mimi nisingesema neno. Aliweka kidole chini ya maandishi, akasoma polepole kama yalivyo.

"*Kwa Rejina. Uningojee. Ferdinand.*"

"Rejina iko nani?"

"Mutoto wa watu, Barumbu. Walitaka kuoana."

"Sikuambiwa."

"Hata mimi."

"Ameolewa?"

"Bado. Anangojea tu. Amezoea."

Mama Asumini alimtazama mtoto wake mara nyingine, muda mrefu, mpaka nzi wakakaa juu ya samaki na hakuwafukuza. Kisha akachukua taulo, akamfunga yeye mwenyewe, akikunja pembe ndani kama anavyofungwa mtoto mgongoni.

"Murudishie. Yake ilisema angoje. Yangu ilisema anarudi." Akamkabidhi. "Siyo moja."

Alimpa samaki wa njiani, wawili wakubwa, wamefungwa kwenye majani. Hakumwambia rudi, wala hakumwambia usirudi. Dada yangu nilimsalimu kwa haraka, nikarudi naye, na gari lilipoondoka Fundi alikaa dirishani, mzigo juu ya magoti, mikono yote miwili juu yake. Msitu ulipita, vituo vilipita.

"Kitabu nitamwachia Rejina," alisema mwisho. "Ajisomee. Lakini akiniuliza juu ya mama, nitamwambia nini?"

"Mwambie mama amemuona."

Aligusa pembe ya taulo.

"Alimuona vizuri?"

"Vizuri, Fundi."